Picha Safi, Mgonjwa Hasimami

Hotuba hii niliitoa mbele ya madaktari, matabibu, wauguzi, wataalamu wa eksirei na wataalamu wa fiziotherapia. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu.

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu, wataalamu wenzangu, mabibi na mabwana.

Nimeombwa nizungumzie mivunjiko ya kikombe cha nyonga, yaani lile shimo la fupanyonga ambamo kichwa cha fupa la paja hukaa, inayojificha kwa wazee. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu nikianza na makosa ya wengine mtakuwa na haki ya kuniuliza mimi nilikuwa wapi.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa zamu ya usiku, aliletwa mama mmoja wa miaka 81. Alikuwa ameamka kwenda msalani, mguu ukateleza, akaangukia ubavu wa kulia, akaipiga sakafu kwa ile nundu ya nje ya fupa la paja. Mguu wake haukuwa mfupi kuliko mwenzake, wala haukuwa umegeukia nje kama tulivyofundishwa kuutarajia mguu wa mtu aliyevunjika nyonga. Nikampeleka eksirei. Picha iliporudi niliitafuta shingo ya fupa la paja, nikaifuata kwa kidole kutoka juu hadi chini, nikaiona nzima. Nikaandika "hakuna mvunjiko", nikaandika dawa za maumivu, nikamruhusu aende nyumbani. Binti yake aliniuliza kwa upole, "Daktari, na kutembea je?" Nikamjibu kwamba misuli imepata mshtuko, na kwamba mama atatembea maumivu yakipungua.

Lipo jambo nililoliona usiku ule lakini sikulizingatia. Mama yule alipokuwa akihamishwa kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu, aliupenyeza mguu wake wa kushoto chini ya kifundo cha mguu wa kulia, akaubeba ule wa kulia juu ya wa kushoto, taratibu, kama mtu anayemhamisha mtoto aliyelala. Kisha akakaa kwa tako moja. Na ndani ya faili, kwa mwandiko wa muuguzi aliyempokea, kulikuwa na maneno matatu ambayo sikuyasoma mpaka siku aliporudi: "Mgonjwa hajasimama kabisa."

Alirudi baada ya siku 9. Picha ya pili haikuhitaji jicho la bingwa. Kichwa cha fupa la paja kilikuwa kimeusukuma ukuta wa ndani wa kikombe na kuanza kuingia upande wa ndani wa fupanyonga. Ufa ambao siku ya kwanza ulikuwa mwembamba kama unywele sasa ulikuwa mvunjiko uliosogea, na mgonjwa ambaye angeweza kutibiwa kwa kupumzishwa na kupewa magongo sasa alihitaji upasuaji mkubwa.

Nawauliza, wenzangu: usiku ule, nani alikuwa na habari sahihi? Picha ilisema hakuna kitu. Ule mguu wa kushoto ulisema kipo. Muuguzi alisema kipo. Binti aliuliza kama kipo. Mimi niliisikiliza picha peke yake.

Sasa tujiulize kwa nini mfupa huu ni hodari wa kujificha namna hii.

Kikombe cha nyonga, ambacho kitaalamu tunakiita asetabulamu, hakikuumbwa kama mfupa mmoja. Mifupa mitatu ya fupanyonga, yaani iliamu (wa juu), iskiamu (wa chini nyuma) na pubisi (wa mbele), hukutana katikati yake, na mshono wao hufunga katika umri wa kubalehe. Jina lenyewe ni la Kilatini na maana yake ni kikombe kidogo cha siki. Walioupa mfupa huu jina hilo waliona umbo lake tu, hawakujua kwamba karne nyingi baadaye sisi tungehangaika kukisoma kikombe hicho kikiwa kimelazwa bapa juu ya filamu. Kwa maana picha ya eksirei ni kivuli. Ukuta wa mbele wa kikombe unaanguka juu ya ukuta wa nyuma, kichwa cha fupa la paja kinafunika vyote viwili, hewa ya utumbo inapita juu yake, na kwa mzee ambaye mifupa yake imepungukiwa na madini, kivuli chenyewe ni hafifu tangu mwanzo. Ufa usiosogea ndani ya mchanganyiko huo utauonea wapi?

Halafu kuna namna mzee anavyovunjika. Kijana huvunja kikombe kwa nguvu kubwa. Mfano tunaoujua sote ni goti linalogonga dashibodi ya gari, nguvu ikapita kwenye paja na kuvunja ukuta wa nyuma. Mzee hahitaji gari. Anaanguka kutoka kimo chake mwenyewe, anatua kwa ubavu, nguvu inaingia kwenye ile nundu ya nje, inapita shingoni mwa fupa la paja, na kichwa cha fupa kinakuwa nyundo inayopigwa kuelekea ndani. Mbele ya nyundo hiyo kuna nguzo ya mbele ya kikombe, yaani mfupa mnene unaokishikilia kwa mbele, na kuna bamba jembamba la mfupa linalotenganisha kiungo na viungo vya ndani ya fupanyonga. Hapo ndipo mzee anapovunjika. Mara nyingine shingo ya fupa la paja ndiyo inayokubali kwanza, na sote tunaiona. Mara nyingine shingo inastahimili, kikombe ndicho kinachopasuka. Ajali ni ileile, maumivu ni yaleyale, mahali pamehama kwa sentimita chache, na sisi macho yetu yamebaki palepale pa zamani.

Hilo la macho kubaki palepale naliona ndiyo kiini cha jambo zima, kwa hiyo mniruhusu nilikalie kidogo.

Mzee akianguka, sisi tunaitafuta shingo ya fupa la paja. Tukiikuta imevunjika, tunaita wapasuaji. Tukiikuta nzima, tunapumua. Nani kati yetu, baada ya kupumua, anarudi kuitazama picha upya kana kwamba ndiyo kwanza imeletwa? Na upo mtego wa pili, ambao ni mbaya zaidi kwa sababu unatupa kitu cha kuandika. Nakumbuka mama mwingine, wa miaka 76, ambaye picha yake ilionyesha waziwazi ufa katika tawi la juu la pubisi. Kila mmoja wetu aliridhika. Maumivu ya kinena yamepata jina, ufa wa tawi la pubisi kwa kawaida hupona wenyewe, mgonjwa aanze kutembezwa. Mtaalamu wetu wa fiziotherapia alimsimamisha siku ya pili, akamrudisha kitandani, akaja ofisini akasema: "Daktari, nimewatembeza wengi wenye tatizo hili. Huyu si kama wao. Akikanyaga tu anageuka rangi." Tulipompeleka kwenye CT, mashine ya eksirei inayopiga picha za mwili kipande kwa kipande, tulikuta ufa ule wa pubisi haukuishia tulipouona. Ulikuwa umepanda kwenye shina la tawi na kuingia ndani ya nguzo ya mbele ya kikombe, na nyuma kulikuwa na ufa mwingine katika sakramu, mfupa ulio chini ya uti wa mgongo. Fupanyonga ni pete, wenzangu. Pete ngumu haivunjiki mahali pamoja ikaachwa salama kwingine kote. Ukiona ufa mbele, tazama nyuma, na utazame kikombe kilicho kati ya hizo mbili.

Nimetaja fiziotherapia kwa makusudi. Katika visa hivi nilivyovikumbuka kwa ajili ya leo, aliyeanza kushuku karibu kila mara alikuwa mtu aliyemshika mgonjwa kwa mikono yake, wala si mtu aliyeishika picha.

Tuje basi kwenye mikono hiyo.

Swali la kwanza si "panauma wapi?" Swali la kwanza ni "jana alikuwa anatembeaje?" Mzee aliyekuwa akitembea peke yake hadi barazani, na leo hawezi kukanyaga, ana mvunjiko mpaka tuthibitishe kwamba hana. Narudia: mpaka tuthibitishe kwamba hana. Mzee ambaye kwa miaka miwili amekuwa wa kitandani, kwake swali hilo halitusaidii, itabidi tuulize jinsi anavyogeuzwa, anavyovishwa, anavyokalishwa.

Baada ya hapo ndipo tuulize panapouma. Maumivu ya kiungo cha nyonga hukaa kinenani, na mara nyingi hushuka mbele ya paja hadi gotini, kiasi kwamba wapo wazee waliopigwa picha ya goti mara mbili kwa ajili ya nyonga iliyovunjika. Kisha mlaze mgonjwa, mguu ukiwa umenyooka, uuviringishe mguu mzima taratibu kuelekea ndani na kuelekea nje, huku unatazama uso wake na siyo mguu. Mgonge kisigino kwa kiganja, kwa upole, nguvu ipande kuelekea nyonga. Mwombe aunyanyue mguu ulionyooka kutoka kitandani. Angalia kama anauweza, na angalia kama mikono yake inakwenda kuusaidia. Lipo pia jaribio la zamani ambalo vijana wengi hawalijui tena: unaweka stetoskopu mbele, pale mifupa miwili ya pubisi inapokutana, unagonga pia ya goti la kulia kwa kidole, halafu la kushoto, unalinganisha sauti. Mfupa uliokatika hupitisha sauti iliyofifia. Nalipenda jaribio hili kwa sababu halihitaji umeme, lakini tusilitegemee kupita kiasi: ufa mwembamba wa kikombe, ambao mifupa yake bado imegusana, unaweza kuipitisha sauti vizuri tu. Sauti zikitofautiana, amini. Zikilingana, endelea kushuku.

Na yule asiyeweza kusema? Aliwahi kulazwa mzee mmoja mwenye ugonjwa wa kusahau. Hakuna aliyemwona akianguka. Kijana wake alituambia, "Baba amekuwa mkaidi, hataki kushuka kitandani, na chakula amekigomea." Mchana wote mzee alikuwa kimya, mwenye adabu, akiitikia kila salamu. Tulidhani ni maambukizi ya mkojo, tukapima, hapakuwa na kitu. Usiku wa pili muuguzi alimgeuza ili ambadilishe shuka, akamwona ameikamata pembe ya shuka kwa ngumi mpaka vifundo vya vidole vikawa vyeupe, na hakutoa sauti hata moja. Muuguzi huyo akajaribu upande wa pili: ngumi ikafunguka. Akarudi upande wa kwanza: ngumi ikafunga. Huo, wenzangu, ni uchunguzi kamili wa kitabibu uliofanywa saa nane za usiku na mtu aliyekuja kubadilisha shuka. Picha ya eksirei ya mzee yule ilikuwa safi. MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku badala ya mionzi, ilionyesha mstari wa ufa kwenye paa la kikombe.

Kuhusu kuisoma picha yenyewe nitakuwa mfupi, kwa kuwa wengi wenu mnalijua somo hili kunishinda. Kazi ya Robert Judet, Jean Judet na Émile Letournel wa Ufaransa, waliyoichapisha mwaka 1964, ndiyo iliyotupa mgawanyo wa aina 10 za mivunjiko ya kikombe tunaoutumia hadi leo, na ndiyo iliyotufundisha kufuata mistari: mstari wa nguzo ya mbele, mstari wa nguzo ya nyuma, umbo la tone la chozi, paa la kikombe, ukingo wa mbele na ukingo wa nyuma. Mistari sita. Ninachoomba ni kwamba kila mmoja wetu aifuate yote sita, pande zote mbili, akilinganisha kulia na kushoto, kabla ya kuandika neno "hakuna". Picha za mshazari za nyuzi 45 zinazobeba jina la Judet zinasaidia, ingawa kumgeuza mzee mwenye ufa wa kikombe ili apigwe picha hizo ni kumtesa. Palipo na CT, mwacheni alale chali. Nitaongeza alama moja tu: mkiona paa la kikombe upande wa ndani limebonyea na kufanya umbo kama mbawa za ndege arukaye, msilipite. Mfupa pale umesagika, na kiungo hicho mara nyingi hakina maisha marefu.

Picha ikiwa safi na shaka ikabaki, tufanye nini? Vitabu vya fani yetu hutaja kwamba kati ya asilimia 2 na 10 ya mivunjiko ya nyonga haionekani kwenye picha ya kwanza ya eksirei. Kwa hiyo si jambo la ajabu, si bahati mbaya ya mara moja kwa mwaka, ni jambo la kupangiwa utaratibu. Mwongozo uliotolewa na taasisi ya NICE ya Uingereza mwaka 2011 ulisema wazi: nyonga ikishukiwa kuvunjika na eksirei isionyeshe, mgonjwa apewe MRI, na kama MRI haipatikani ndani ya saa 24 au mgonjwa hawezi kuingizwa humo, basi CT ifikiriwe. Sababu yake inaeleweka. CT inaona vizuri gamba gumu la nje la mfupa na inaonyesha vipande vimesogea kiasi gani, jambo ambalo mpasuaji atalihitaji baadaye. Lakini ufa uliomo ndani ya sifongo ya mfupa wa mzee unaweza kuikwepa. MRI inaona maji na damu vilivyovujia ndani ya mfupa, na ufa unatokea kama mstari mweusi katikati ya uvimbe ndani ya saa chache tu baada ya kuanguka. Kwa wenye vifaa vya kusaidia mapigo ya moyo visivyoruhusu MRI, CT ndiyo njia, na hapo tumwombe msomaji wa picha asitafute ufa peke yake. Atazame pia damu ndani ya kiungo na uvimbe wa misuli iliyolala upande wa ndani wa ukuta wa kikombe, upande mmoja ukilinganishwa na mwingine. Ile skani ya zamani ya mifupa inayotumia dawa ya mionzi bado ina nafasi yake, ila kwa mzee inaweza kukaa hadi saa 72 kabla ya kuonyesha chochote, na mzee hana saa 72 za kutoa.

Najua wapo hapa wanaojiuliza moyoni: na mimi nisiye na kifaa hata kimoja kati ya hivyo? Jibu langu ni kwamba mtibu kama aliyevunjika. Asiukanyagie mguu ule, apewe dawa za maumivu za kutosha, akingwe dhidi ya kuganda kwa damu, apigwe picha tena baada ya siku chache au mapema maumivu yakizidi, nawe uwasiliane na mtu wa kituo cha juu. Ukikosea kwa namna hiyo, umempumzisha mtu siku kadhaa bila sababu. Mimi nilipokosea kwa namna yangu, mnajua kilichotokea.

Mwenzetu mmoja aliwahi kunipa hoja ambayo naiheshimu. Alisema: "Ufa usiosogea hautibiwi kwa upasuaji. Utampumzisha, utampa magongo. Sasa kipimo cha gharama yote hiyo ni cha nini?" Ni hoja nzito, na ningeikubali kama kweli tungekuwa tunawapumzisha. Hatuwapumzishi. Asiyejulikana kuwa amevunjika tunamwambia ajikaze atembee, na kila hatua anayojikaza ni pigo jingine la nyundo. Au anashindwa kabisa kutembea, anaachwa kitandani bila mpango, na kitanda kinaleta vidonda, nimonia na damu iliyoganda miguuni.

Kuna na damu inayomwagika. Nilimwona baba mmoja wa miaka 79 aliyekuwa akitumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kwa ajili ya moyo. Picha yake ya kwanza ilisomwa kuwa safi, akawekwa wodini kwa uangalizi wa maumivu tu. Asubuhi alisema anaona kizunguzungu. Mapigo yalikuwa yamepanda, hemoglobini ilikuwa imeshuka, na tumbo la chini upande wa nyonga ile lilikuwa limejaa kwa namna ambayo mkono uliweza kuihisi. Ufa wenyewe ulikuwa mdogo. Damu haikuwa ndogo. Laiti tungejua usiku kwamba kikombe kimepasuka, dawa ile tungeisimamisha usiku uleule, na damu yake tungeipima tena kabla ya alfajiri.

Na hata ufa unaopona bila kisu ni taarifa. Mtu aliyevunja fupanyonga kwa kuanguka kutoka kimo chake ametuonyesha mifupa yake ilivyo, bila kusubiri kipimo cha uzito wa mfupa. Anatakiwa kuanza matibabu ya osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa kudhoofika, kabla hajaanguka mara ya pili, na dawa anazokunywa zinatakiwa kupitiwa ili tujue ni ipi inayomlevya usiku. Tukiandika "mchubuko", hayo yote hayafanyiki.

Nimalizie na mama yule wa miaka 81. Aliwekewa kiungo bandia, akakaa wodini kwa majuma mengi, na leo anatembea kwa fremu ndani ya nyumba. Zamani alikuwa akitoka peke yake. Tangu alipoondoka, katika idara niliyomo sasa tumeongeza mstari mmoja kwenye fomu ya kumruhusu mzee aliyeanguka: "Amesimama na kutembea hatua nne mbele ya nani?" Mahali pa jibu hapakubali "ndiyo" wala "hapana". Panataka jina la aliyeshuhudia. Wiki za kwanza mstari huo ulichukiwa sana, nami nilikuwa miongoni mwa walioununia, kwa sababu saa tisa za usiku kumsimamisha mzee ni kazi ya watu wawili.

Muda wa maswali umefika. Ningeomba wenzetu wa eksirei waanze, maana najua wana la kusema kuhusu zile fomu tunazowaletea zimeandikwa "maumivu ya nyonga" na hakuna kingine.